Laini ya Pacha

Katika jengo letu la zege, mjini Ruse,
simu zilizaliwa pacha: waya mmoja, nyumba mbili.
Sisi ghorofa ya tano, Bi Zdravka ya nne.
Akiinua mkonga wake, wetu unakufa.
Tukiinua wetu, wake unakufa,
kimya kabisa, hata ule mlio wa kungoja haupo.

Baridi ya mwaka tisini na saba
mkate ulipanda bei kati ya foleni na dirisha.
Baba aliuza pikipiki, akarudi na modemu ya mtumba,
kijisanduku chenye rangi ya meno ya mvuta sigara,
amekiviringisha ndani ya soksi.

Nilingoja walale. Nikaifunika blanketi,
maana haikujua kunong'ona:
kwanza namba, tiki tiki tiki, kuku akidonoa bati,
halafu mluzi, halafu mkwaruzo,
mbuzi wawili wa chuma wakisalimiana kwa pembe,
halafu shhh,
na chumba changu kikawa na mlango
ambao fundi hakuujenga.

Picha ya Zohali ilishuka mstari kwa mstari,
kama pazia lililokwama.
Dakika kumi na moja: nimepata pete,
nimepata nusu ya tumbo,
ndipo bomba la joto likagongwa kutoka chini.
Ngo, ngo.

Tulikuwa na lugha ya bomba.
Mara mbili, achieni laini. Mara tatu, kuna mgonjwa.
Nilihesabu mbili. Dakika moja tu, nikasema,
sayari imebaki kidogo.
Ngo, ngo.
Dakika moja tu.
Bomba likanyamaza, na kunyamaza kule
kukanichoma sikio kuliko modemu.

Siku za mwizi arobaini; zangu zilikuwa kumi na tisa.
Ya ishirini alipanda mwenyewe,
koti juu ya gauni la kulalia,
kifuani amekumbatia chupa ya pilipili za siki.
Sikuwahi kuona mtu akija kugomba na zawadi.
"Yavor," akasema, "Lachezar wangu yuko Toronto.
Hupiga Jumapili, huko jua halijazama.
Wiki ya tatu hii anaambiwa laini ina shughuli.
Anadhani nimekufa,
au nimepata bwana."

Sikuwa na utetezi.
Nikaandika anwani yangu nyuma ya bili ya umeme.
Jumapili akamsomea mwanawe herufi moja moja,
na ile *a* yenye mkia tunayoiita nyani,
akipaza sauti, maana nyani alikuwa anavuka bahari.

Barua ilifika Alhamisi. Mistari saba,
lugha yetu imevaa herufi za kuazima,
nne na sita zimesimama
mahali pa sauti ambazo mashine haikuwa nazo.
Nikainakili kwa penseli, kwa herufi zetu,
nikashuka ngazi kumi na sita.

Alisoma. Akakunja. Akafungua, akasoma tena.
Kisha: "Nataka kuisikia ikija."

Nikampandisha. Nikaondoa blanketi.
Akainama, akavua hereni, akatega sikio:
tiki tiki tiki, mluzi,
mkwaruzo.
Akakunja uso.
"Ana mafua," akasema.

Nikamweleza kwamba huyo siye yeye,
ni mashine mbili zinaulizana jina.

"Najua. Lakini ana mafua.
Mwambie avae kofia."

Nikaandika: vaa kofia.
Nikatuma, nikakata laini saa ile ile,
nisiende kutafuta chochote kingine.

Siku hizi waya hauna mlio, wala zamu,
wala jirani wa kukukatiza.
Naweza kuishusha Zohali nzima kabla sijapepesa jicho.
Sijafanya hivyo.
Yangu bado ina nusu ya tumbo,
na chini yake, weusi,
na mtu anagonga.